Fomu ya chama kiwandani: nijaze au nisubiri? Jibu la mtu aliyekaa meza ya minofu miaka 9

Mdogo wangu uliyeuliza jana kuhusu kiwanda chenu cha samaki cha Nyakato, hapa Mwanza, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema watu wa chama cha wafanyakazi wamekuja na fomu, afisa utumishi ameitisha kikao akawaambia hapo ni familia moja na mambo ya familia huyamalizia ndani, nusu ya wenzako wameingiwa na hofu, na wewe unataka kujua siku ya kupiga kura ya kukubali au kukataa chama ni lini ili ujipange.

Nianze na hiyo kura, maana hapo ndipo na sisi tulipopotea. Hakuna siku ya kura. Ile ya sanduku la kura kiwandani unayoiona kwenye habari za Marekani ni sheria ya kwao. Kwetu Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, chama kilichosajiliwa kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi linalohusika kinampa mwajiri taarifa, na mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho waandikiane mkataba wa kukitambua. Wasipoelewana, jambo linakwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na likikwama huko linaamuliwa na Mahakama ya Kazi. Kwa hiyo kura yako ni sahihi yako kwenye ile fomu. Anayesema "ngoja kwanza nione wenzangu" ameshapiga kura ya hapana, kwa sababu kwenye jumla ya wafanyakazi yumo ila kwenye nusu inayotafutwa hayumo.

Sasa nikusimulie yetu. Nilikuwa nakata minofu ya sangara kwenye kiwanda kimoja upande wa Igogo, jina naliacha. Mwaka 2012 tulikuwa 214. Tulihitaji fomu 108, tukapata 97 tukakwama hapo hapo. Miezi miwili haikuongezeka hata moja. Mwenzetu aliyekuwa anatembeza fomu, kijana mwenye maneno na asiyeogopa mtu, akapandishwa cheo kuwa supavaiza. Simlaumu, alikuwa na watoto watatu na mshahara uliongezeka. Lakini kuanzia wiki ile hakuna aliyemuuliza habari za chama, na fomu zikabaki kwenye mfuko wa rambo nyumbani kwake Mabatini.

Tulirudi tena 2014. Safari hii uongozi ulikuja na orodha yenye majina 290. Hao wengine wametoka wapi? Ni vibarua wa getini, wale wanaoletwa na wakala kila alfajiri, wanaosubiri kuchaguliwa kulingana na samaki walioingia usiku. Walipodai mikataba waliambiwa wao si wafanyakazi wa kiwanda. Ilipofika kuhesabu nusu, wakawa wafanyakazi. Iliniuma sana, maana mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa mmoja wao.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya kazi mgodini Geita alipotufungua macho. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, inasema mtu akimfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, anachukuliwa kuwa mfanyakazi wake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kibarua wa samaki anazimaliza kwa wiki moja msimu ukiwa mzuri! Tukaacha kubishana na orodha yao. Tukasema sawa, wote 290 ni wafanyakazi, basi na wao wajaze. Tulikaa na vibarua pale getini saa kumi na moja alfajiri, kwenye chai ya mama mmoja anayeuza maandazi, wiki tatu mfululizo. Tulihitaji 146, tukafikisha 171. Bila wale watu ambao sisi wa mikataba tulikuwa tunawapita bila hata salamu, tusingefika.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya kabla hujaamua chochote: tafuta mko wangapi. Usiseme "tuko wengi". Pata namba, ukiwajumlisha na wa wakala.

Sasa hofu ya kufukuzwa. Sheria inakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya uanachama wa chama, hilo halina utata. Lakini sitakudanganya kwamba karatasi inatosha. Mwenzetu wa chumba cha baridi mkataba wake wa miezi sita ulipoisha haukuhuishwa, na kila mtu alijua kwa nini. Alizungushwa na ahadi, "njoo Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi", akaenda CMA siku ya arobaini na kitu wakati mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe ndani ya siku 30. Akaambiwa aombe kwanza kukubaliwa kuchelewa. Akakata tamaa, akarudi Ukerewe kuvua. Mpaka leo nikimkumbuka najilaumu, maana mimi nilikuwa na kile kitabu cha sheria nyumbani na sikumwambia tarehe. Kama mkataba wako unakaribia kwisha, jua hatari yako ni kubwa kuliko ya mwenzako wa mkataba wa kudumu, na ni haki yako kuipima. Wa mikataba ya kudumu ndio wanaotakiwa kutangulia mbele.

Kuhusu makato. Kwetu ilikuwa asilimia 2 ya mshahara. Kwa mshahara wangu wa wakati ule wa 150,000 ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Wapo wanaopiga hesabu kwamba wakikaa nje wataokoa hiyo elfu tatu huku mkataba wa hali bora, yaani mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, ukiwafunika na wao. Ni kweli utawafunika: chama kikishatambuliwa, mkataba wa pamoja unawahusu hata wasio wanachama. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu chama na mwajiri kukubaliana kwamba wasio wanachama wakatwe ada ya uwakala, yaani malipo kwa chama kwa kuwasemea na wao, isiyozidi ile ya wanachama. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Waliobaki nje walikatwa na hawakuwa na sauti ya kumchagua wala kumwondoa kiongozi wa tawi la chama pale kiwandani. Na ukishajaza si kifungo cha maisha. Unaweza kujitoa kwa kuandika taarifa ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama.

Kuhusu mgomo nisiseme mengi. Kujaza fomu si kugoma. Mgomo una usuluhishi kwanza, una kura ya wanachama (hapo ndipo kura halisi ilipo), na una taarifa ya saa 48. Miaka yangu yote hatukuwahi kufika huko.

Tulipata nini? Watu wanatarajia niseme mshahara. Uliongezeka kidogo, si wa kusimulia. Nilichokiona kwa macho ni vitu ambavyo tayari vilikuwa haki yetu na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuvidai peke yake. Nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ilikuwemo kwenye sheria na haikuwemo kwenye karatasi ya mshahara. Hadi saa mbili kwa siku za mama anayenyonyesha, hali kadhalika. Nilimnyonyesha mwanangu wa kwanza kwa kukamulia maziwa kwenye sinki la bafuni nikiwa na gambuti miguuni. Wa pili alikuwa analetwa getini na dada yangu saa nne, natoka, namnyonyesha nimekaa. Ukiniuliza ile elfu tatu ilikwenda wapi, ilikwenda hapo.

Na gari la shifti ya usiku, ambalo sisi hatukuliona kwenye kitabu cha sheria, lilitoka kwenye mazungumzo yetu. Kabla ya hapo wanawake wa Igoma na Buhongwa walikuwa wanasubiri daladala ya kwanza wamejikunyata kwenye lango la kiwanda.

Halafu kuna hoja ya bosi wenu kwamba hali ni ngumu na chama kitafunga kiwanda. Usiidharau. Sangara wamepungua ziwani, viwanda vya minofu vimepitia miezi ya kufanya kazi nusu uwezo, na hakuna chama kinachoweza kurudisha samaki majini. Na sisi tulipunguzwa. Lakini mwajiri anayepunguza wafanyakazi lazima ashauriane kwanza na chama alichokitambua, na sisi tulikuwa mezani: tulijua sababu, tukakubaliana nani atangulie kuondoka na kwa kigezo gani, na kila mtu akahesabiwa kiinua mgongo chake cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Kiwanda jirani walikuta majina yamebandikwa ukutani asubuhi.

Ubaya wa chama nao uusikie. Ofisa aliyekuja kutusajili alikuwa anapiga simu kila siku mpaka fomu zilipotimia. Baada ya hapo tulimwona Mei Mosi, na fulana na kofia. Mazungumzo ya mkataba wa hali bora aliyaendesha kwa karatasi ya kiwanda kingine, hata jina la kiwanda hicho lilikuwa bado limeandikwa ukurasa wa pili. Kilichotuokoa ni tawi. Baba yangu alikuwa mwanachama wa JUWATA, jumuiya ya wafanyakazi ya wakati ule, kwenye jineri ya pamba, na enzi zile za chama kimoja cha wafanyakazi mtu hakuwa anaulizwa sana. Yeye hakuelewa kabisa kwa nini nahangaika kuchagua viongozi. Wewe hangaika. Mkiwa na wanachama zaidi ya 100 mna haki ya wawakilishi 15, na angalau watano wawe wa kuwakilisha wanawake. Chagueni mtu wa chumba cha baridi, wa meza, wa karakana, na kibarua mmoja. Msichague wote waongeaji. Katibu wetu bora alikuwa mama mkimya aliyeandika kila kikao kwenye daftari la shule, na daftari hilo ndilo lililotushindia mgogoro wa ovataimu.

Kabla ya kusaini muulize ofisa mambo matatu, mbele ya wenzako: cheti cha usajili kiko wapi, ni kiasi gani cha ada kinarudi tawini, na nani ataandika rasimu ya mkataba wenu. Akijibu, jaza na upige picha nakala yako. Mimi ningejaza.

Mkishapata ile namba ya jumla, na ya waliokwisha kusaini, ziandike hapa. Nipo jioni baada ya saa mbili, nitakaa na wewe tuhesabu.