Mkuu hizo taa za zawadi rudisha dukani, mnaenda kuwaharibia kazi wamama wa sola

Mleta uzi nimekusoma vizuri tu mpaka ulipofika "tunaenda Kinyasini Unguja kuwaona wamama mafundi sola halafu tupite kijijini tukagawe katoni za taa za sola tulizonunua Kariakoo", hapo chai ikanipalia. Daladala, mavazi, pa kulala, hayo yote subiri. Hizo taa RUDISHA.

Sisi tulifanya hivyohivyo na kikundi chetu cha kazini, fulana tumechapisha kabisa, tunajiona wafadhili. Kuna jamaa alijiita mratibu wa ziara, maneno matamu balaa, akatuambia kule ni giza tupu, chochote mtakachopeleka ni baraka. Muongo mkubwa yule! Kijiji kilikuwa na taa. Kulikuwa na mama kachaguliwa na wanakijiji wenyewe, kaenda kukaa Kinyasini miezi anasomea ufundi sola kwenye kituo cha mafunzo, karudi kawafungia watu paneli, betri na taa nyumba kwa nyumba. Na jamaa alikuwa anajua, ila duka alilotupeleka kununua lilikuwa la shemeji yake, sisi tumekuja kulijua hilo hela ishaliwa zamani.

Sasa sikia ubaya ulipo. Pale kila nyumba inachangia kidogo kila mwezi kwa kamati ya kijiji, hela ambayo zamani ilikuwa inaishia kwenye mafuta ya taa. Humohumo ndimo yule mama anamolipwa, humohumo inanunuliwa betri ikifa. Sisi tukamwaga taa za bure, watu wakasema ah, nichange ya nini na taa ninayo? Michango ikakatika. Masika yalipoingia taa zetu zikaanza kuzima moja moja, na ikizima inapelekwa kwa nani? Kwa mama yuleyule ambaye sasa halipwi!

Nilirudi siku moja peke yangu akanionyesha moja. Akaigeuza huku na huku, skrubu hakuna hata moja, imegandishwa gundi. Akaipasua kwa bisibisi, ndani betri imevimba na kawaya chembamba kameachia kwenye bodi, akagusisha mita, hamna kitu. Hakunigombeza, bora angenigombeza. Akasema tu "mwanangu, alokitengeneza kitu hichi hakutaka kifunguliwe." Na mimi nimesimama pale na ile fulana ya msaada kifuani (ni fulana nzuri jamani, msinicheke).

Na usidhani ni mama wa kumhurumia. Hii kazi ya wamama mafundi sola mizizi yake ni Tilonia, Rajasthan huko India, chuo cha Barefoot alichoanzisha Bunker Roy mwaka 1972. Wamama wa Zanzibar wa mwanzo walisomea hukohuko, darasa moja na mabibi waliotoka nchi nyingine, lugha hawaelewani, wengine shule hawakumaliza, wanafundishwa kwa rangi na ishara mpaka wanaunganisha chaji kontrola (kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri) kwa mikono yao. Kituo cha Kinyasini kikafunguliwa 2015 ili wasiende mbali tena. Mtu kapita huko halafu wewe unamletea kitaa cha gundi cha Kariakoo, kweli?

Kwa hiyo kabla hamjanunua hata waya mita moja, piteni kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, awakutanisheni na kamati, mumuulize fundi mwenyewe anakosa nini. Atakutajia. Inaweza kuwa betri ya saizi ya mfumo wao, fyuzi, risasi ya kulehemu, au hela ya kuingia kwenye mfuko wa kamati basi. Haipendezi kwenye picha, najua, betri haikumbatiki ukapiga selfi. Na mtu yeyote atakayewaambia "pelekeni chochote tu", muulizeni kwanza shemeji yake anauza nini.

Daladala ni ile 116 ya Nungwi, inapita Kinyasini, mwambie konda akushushe. Mengine uliyouliza yamenitoka kwa hasira, wadau wa Unguja watakujibu.

Risiti ya Kariakoo bado unayo lakini?