Bima ya uokoaji mlimani: anza na kikomo cha mwinuko

Umeuliza kama bima ya kawaida ya safari inatosha kwa mlima wa mita 5,000 na ushei. Mara nyingi haitoshi. Fungua waraka wa masharti wenyewe, si kipeperushi, utafute kikomo cha mwinuko: nyingine huishia mita 3,000 au 4,500, na zipo zinazokataa upandaji wowote wa kutumia kamba. Ukivuka hapo, umelipia karatasi tu.

Kutafutwa, kuokolewa na kurudishwa nyumbani kwa matibabu ni vitu vitatu tofauti. Bima inaweza kugharamia hicho cha mwisho pekee, helikopta ikabaki juu yako.

Kinachowaponza wengi ni simu. Kampuni nyingi hutaka kituo chao cha dharura kiidhinishe helikopta kabla haijaruka. Kiongozi akiiita bila idhini, dai linaweza kukataliwa. Andika namba ya bima na ya kituo kwenye kikaratasi, kifunge kwenye nailoni, umpe kiongozi nakala. Ikiwa ni kufa na kupona, tafadhali, okoeni mtu kwanza, simu ifuate mara tu inapowezekana. Uliza pia kama wanamlipa mwokoaji moja kwa moja au utatanguliza fedha zako.