Tafuta Kile Mteja Alichokuambia Ukifute

Maswali ya wasomaji, majibu kutoka meza ya mchoraji wa michoro ya kiufundi, Ilala, Dar es Salaam

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 28, naishi Tabata. Huu ni mwaka wa nne najitegemea kwa michoro ya kiufundi: vitabu vya maelekezo ya mashine, katalogi za vipuri, mabango ya mafunzo ya mafundi wa sola. Kazi zinapatikana na kodi ya chumba nalipa. Ila tangu mwezi wa tatu mwaka jana sijachora kitu changu hata kimoja. Nina wazo la kitabu cha picha kuhusu marehemu babu yangu, aliyekuwa kibarua wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, kipande cha Mlimba kwenda Makambako. Alituachia spana moja ndefu na hadithi nyingi. Kila nikikaa kumchora, mistari inatoka mikavu kama ya katalogi. Rafiki zangu wasanii wanasema kazi za wateja zimeniua mkono, niachane nazo. Je, niache? Msomaji, Tabata.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiache. Na mkono wako haujafa.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuchora kijitabu cha matengenezo ya pampu ya mkono ya kisima, aina ya Afridev. Ni pampu niliyoipenda tangu siku ya kwanza nilipoifungua, kwa sababu waliobuni walimfikiria mwanakijiji atakayeitengeneza. Unaihudumia kwa spana moja. Fimbo zinazoshuka kisimani zinaungana kwa ndoano, huhitaji chombo chochote kuzitenganisha. Nikaichora kama tulivyofundishwa: isometriki, yaani mchoro unaoonyesha pande tatu za kitu kwa pamoja, mihimili ya digrii 30, vipande vimetawanywa kutoka juu kwenda chini kwa mpangilio wa kuvifungua, kila kimoja na namba yake. Mistari ya nje milimita 0.5, ya ndani 0.25. Nilijivunia sana ukurasa ule.

Kabla ya kuchapa tukaenda kuujaribu katika kijiji kimoja Mkuranga. Mama mmoja, mjumbe wa kamati ya maji, akaushika mchoro, akaugeuza, akaurudisha, kisha akaniuliza, "Mbona vyuma vinaelea? Nani kavishika?"

Sikuwa na jibu. Mama yule alikuwa ameshaifungua pampu ile mara nyingi kuliko mimi. Mikono yake ilijua kila kitu, na karatasi yangu haikuwa na mikono. Nikarudi Dar, nikachora upya: mkono wa kushoto umeshika fimbo, wa kulia uko kwenye spana, kidole gumba kimezuia nati isidondoke. Tuliporudi Mkuranga aliufuata mchoro hatua kwa hatua mpaka pampu ikawa wazi, nami nimesimama pembeni sisemi neno.

Mikono ile nilikuwa nimemchora yeye mwenyewe, na kovu lake la kidole gumba, na bangili yake. Mteja alipopokea rasimu akaniandikia: mikono ibaki, lakini futa kovu, futa bangili, iwe mikono ya mtu yeyote. Alikuwa na haki. Bangili inalivuta jicho kutoka kwenye nati, na kijitabu cha pampu lazima kila anayekishika aone ni chake. Nikafuta kwenye faili. Ila ile karatasi ya kufuatishia yenye mikono na bangili sikuitupa. Niliibandika ukutani juu ya meza, na kazi yangu binafsi ilianzia pale.

Kwa hiyo fungua kompyuta yako, rudi kwenye kazi za miaka hii minne, usome masahihisho. Tafuta kile mteja alichokuambia ukifute. Kwenye bango la sola uliambiwa uondoe nini? Viatu vya fundi? Mtoto aliyekuwa anachungulia chini ya ngazi? Paa lenye kutu? Ulivichora bila kuagizwa, ina maana jicho lako liliviona lenyewe. Hao rafiki zako wanadhani kuna mkono wa wateja na mkono wa sanaa. Mimi naona mkono ni mmoja, ila mteja ananunua sehemu ya ulichokiona, na sehemu iliyobaki ni yako.

Nikupe mfano mmoja kwa karibu. Kuna mnoa visu anayepita mitaa ya kwetu na baiskeli. Akiipandisha kwenye stendi gurudumu la nyuma linainuka, anakaa kwenye siti, anapiga pedeli, na mkanda kutoka gurudumu la nyuma unazungusha jiwe lililofungwa mbele karibu na usukani. Nilimchora siku tatu. Siku ya kwanza nilipima tu: kipenyo cha jiwe, urefu wa mkanda, mkanda unapita upande gani wa fremu. Siku ya pili nikachora kwa penseli na kumwonyesha. Akaweka kidole kwenye mshale wangu wa mzunguko, akatikisa kichwa: "Likizunguka hivi, kisu kinanaswa. Linakwenda kule." Mshale ulikuwa umegeuka. Mtu asiyechora kiufundi asingekuwa na mshale wa kukosea, na mzee asingepata mahali pa kunisahihisha. Baada ya pale alinikubali, akaniacha nimchore gumba lake, analojaribia makali. Ngozi imekuwa ngumu kama soli, na juu yake kuna mikato midogo mingi, mingine imefunga zamani, mingine ya juzi. Kalamu ya 0.25 ninayochorea meno ya bolti ndiyo niliyochorea mikato ile. Mistari mikavu, mdogo wangu. Hakuna mistari mingine ambayo ingeweza kuisema.

Sasa tuje kwa babu yako, maana barua yako imenikosesha usingizi. Usianze na uso wake. Anza na spana. Iweke juu ya karatasi, uizungushie penseli kwa ukubwa wake halisi. Ikizidi A4, na nadhani itazidi, unganisha karatasi. Halafu tazama mdomo wake kwa makini: umelika upande gani zaidi? Mahali palipolika patakuonyesha alivyokuwa akiivuta. Kwenye mpini tafuta pale chuma kilipong'aa kwa jasho na kushikwa; pima upana wa eneo hilo, nao ndio upana wa kiganja chake. Nenda kawaulize bibi na wajomba: alikuwa akila kwa mkono gani, akipiga nyundo kwa mkono gani? Ukimaliza hapo, uchore mkono. Uso utakuja wenyewe baadaye, au hautakuja, na bado kitabu kitasimama imara.

Kuna na kipimo kingine ambacho ningekitafutia ukurasa mzima. Reli aliyoijenga babu yako ina upana wa milimita 1,067, kipimo cha reli za kusini mwa Afrika, kwa sababu ilikuwa inakwenda kukutana na reli ya Zambia pale Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka hapa Dar. Reli ya Kati, ya tangu enzi za Mjerumani, ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67. Kwa sababu ya milimita hizo behewa la reli moja haliwezi kuendelea kwenye reli nyingine, na kule Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo inabidi uhamishwe kutoka behewa hili kwenda lile. Chora mstari wa milimita 67 katikati ya karatasi nyeupe, ukubwa halisi, usiongeze kitu. Unaingia kwenye kiganja. Halafu ukurasa unaofuata weka watu wenye mizigo mabegani. Mchoraji wa kiufundi ndiye atakayeliona hilo, na wewe ndiye mjukuu wa aliyeilaza reli ile kati ya Mlimba na Makambako, kipande cha mahandaki na madaraja kilichowatesa kuliko vyote.

Kuhusu muda sina mengi. Jumanne na Alhamisi naamka saa kumi alfajiri, nachora vitu vyangu mpaka saa moja asubuhi daladala zinapochangamka, na simu inakaa chumba kingine. Jioni sijawahi kuweza, jicho limeshachoka. Wewe jijaribu ujue saa yako.

Ila zipo kazi za kuacha, nazo nakwambia bila kusita. Mteja anayekutumia picha tatu za simu, za mashine ambayo hutaiona wala kuigusa, na anataka mchoro kesho, huyo ndiye anayeua mkono. Ukichora kitu usichokifungua unaanza kubuni kilichomo ndani, na ukizoea kubuni kwenye katalogi utabuni na kwenye kitabu cha babu. Mimi nadai kipuri kije mezani, au nipelekwe kilipo. Mtaa wa Gerezani, hapa Dar, nimekaa chini kwenye mafuta machafu na fundi akinieleza oilsili, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, inakaa upande gani wa beringi, na saa ile moja imenilisha miezi.

SWALI: Dada, habari za kazi. Kampuni imenipa kazi ya michoro 40 ya katalogi, sasa inataka na faili zote za asili zinazoweza kuhaririwa, kwa bei ile ile. Niwape? Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Inategemea mliandikiana nini, na naogopa hamkuandikiana. Nami yalinikuta. Kampuni moja ilinilipa kwa katalogi ya kurasa chache. Mwaka wa pili nikaukuta mchoro wangu kwenye bango kubwa barabarani, umebadilishwa rangi, na sikuwa na la kudai kwa sababu makubaliano yetu yalikuwa mistari mitatu kwenye ujumbe wa simu. Nililia siku ile, sikufichi.

Siku hizi siiwashi kompyuta kabla ya karatasi kusainiwa. Naandika mchoro utatumika wapi na kwa muda gani, masahihisho ni mara mbili na ya tatu yanalipiwa, nusu ya malipo inaingia kabla sijaanza, na faili za asili zina bei yake peke yake. Mwambie mteja wako kwa upole: picha zilizokamilika ni zako kama tulivyokubaliana, faili za kuhariri ni bidhaa nyingine, na bei yake hii hapa. Wengi wakiona bei wanagundua hawazihitaji. Wakikata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo yako, dai cheti chake siku hiyo hiyo, maana bila cheti utashindwa kuionyesha TRA. Na kazi zako binafsi zipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, zisajiliwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda na mchoraji.

Upande wa pili nao uuheshimu. Mashine ya mteja ambayo haijaingia sokoni si ya kuonyesha watu mtandaoni hata kama mstari wake umekutoa machozi. Ile pampu yangu ilibaki kwenye kijitabu cha mteja; ukutani kwangu ipo mikono tu.

SWALI: Mchoraji, mimi ni mama wa Mbagala. Binti yangu yuko kidato cha pili, anachora injini ya bajaji ya baba yake kila jioni mpaka daftari za shule zimekwisha. Nina shilingi 30,000. Nimnunulie nini? Mama, Mbagala.

JIBU: Mama, nimeisoma barua yako mara tatu. Mnunulie penseli mbili, HB na 2H, kifutio cheupe, bikari imara ambayo mguu wake haulegei, na pembetatu mbili, moja ya digrii 45 na nyingine ya 30 na 60. Tafuta Kariakoo, na bikari ijaribu palepale dukani: ichore duara mara mbili kwenye mstari ule ule, na kama mistari inaachana, irudishe. Kinachobaki nunua karatasi nyeupe za A4. Kompyuta isubiri.

Daftari za shule usimgombeze sana. Na mwombe baba yake, siku bajaji ikiwa haina kazi, amfungulie binti injini kidogo, hata kifuniko cha juu tu, amwambie kila kipande kinaitwaje. Kama hilo ni gumu, mtafutie feni mbovu ya mezani na bisibisi moja, aifungue yote sakafuni, avipange vipande kwa mpangilio alivyovitoa, avichore, kisha airudishe. Ahakikishe tu waya umechomolewa ukutani. Ukikosa feni niandikie. Ninayo moja stoo, haizunguki tena, na skrubu zake zote zipo.