Wasomaji Wanauliza: Sur na majahazi yake

Toleo lililopita niligusia Sur ya Oman kwa mistari miwili tu, nikasema huko ndo yalikotoka majahazi mengi ambayo wazee wetu waliyapokea Lamu, Mombasa na Unguja, basi barua zimemiminika. Zote hatuziwezi, ila hizi nne zimebeba maswali ya wengi, kwa hiyo leo safu nzima ni ya Sur.

Msomaji, Muscat: Assalaam aleikum mhariri. Mimi Mtanzania niko huku Muscat kikazi. Marehemu babu yangu wa Tanga alikuwa akiwataja sana Wasuri, kwamba wakija na kaskazi mji unachangamka. Sasa nikiwaambia wenzangu kazini nataka kwenda Sur wikendi wananambia hamna kitu kule, mji mdogo wa wavuvi, bora niende Nizwa. Kweli hamna kitu?

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Nenda, na usiende ukageuza siku hiyo hiyo, lala huko. Kutoka Muscat ni kama kilomita 200 kwa barabara ya pwani, na kabla hujafika utapita Qalhat, magofu ya mji wa bandari uliokuwa tajiri karne ya 13 na ya 14, kaburi la Bibi Maryam bado limesimama pale na UNESCO wameuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Ibn Battuta, huyu huyu aliyefika Mombasa na Kilwa, alishuka pwani ya Sur akaiona Qalhat kwa mbali akadhani ni karibu, akaamua kwenda kwa miguu, akataabika mpaka miguu ikavimba na yule aliyemkodi amuongoze njia akawa anazitaka nguo zake.

Ukishafika Sur yenyewe usianze na maduka, teremka mpaka kwenye hori, wenyewe wanaliita Khor al Batah. Lina mdomo mwembamba, upande huu Sur, upande wa pili Al Ayjah na nyumba zake nyeupe na minara ya walinzi juu ya vilima, na siku hizi kuna daraja la kuning'inia linalounganisha. Simama hapo uangalie maji yakijaa na yakitoka, manake hilo hori ndo sababu ya mji wote. Maji yakijaa chombo kikubwa kinaingia, yakitoka kinabaki kimekaa juu ya mchanga na fundi anakizunguka chini akitengeneza anachotaka, hakuna haja ya gudi. Alafu mji uko karibu na Ras al Hadd, pale pwani ya Arabuni inapokata kona, yani nahodha akitoka tu mlangoni anakutana na bahari kuu na upepo wa kwenda India au wa kuja kwetu.

Baada ya hapo nenda kaione Fatah al-Khair. Ni ghanja, aina ya jahazi kubwa la Wasuri, iliundwa hapo hapo Sur mwaka 1951, urefu zaidi ya mita 20, na sasa imewekwa nchi kavu kando ya hori watu waione. Ilishauzwa hiyo, ikahangaika kwenye bahari za watu mpaka ikaishia Yemen, na mwaka 1993 watu wa Sur wakachanga pesa zao wakainunua wakairudisha nyumbani. Mimi jambo hilo linanigusa sana kila nikilifikiria, watu wa mji mdogo kuchangia chombo kizee ambacho hakitawaletea hata kilo moja ya mzigo. Zunguka nyuma kwenye shetri uzitazame zile nakshi za mbao, mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe ataikumbuka milango ya kwao papo hapo. Mbele kwenye omo kuna kichwa kilichochongwa, hiyo ndo alama ya ghanja.

Na ukiona wazee wamekaa barazani wasalimie kwa Kiarabu kwanza, alafu jaribu Kiswahili. Usishangae ukijibiwa.

Msomaji, Lamu: Mimi ni fundi wa mashua, kazi nimerithi kwa baba. Wasuri walikuwa wakiunda kwa ramani ama kwa macho kama sisi? Na walipiga misumari ama walishona kama mtepe wa zamani?

Kwa macho fundi, kama wewe. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, unalazwa kwanza, kisha fashini, zile nguzo za mbele na nyuma, alafu zinaanza kupanda mbao za ubavuni, na mataruma, yani mbavu za ndani, yanakuja baadae kuzifuata mbao, sio mbao kuyafuata mataruma. Kwa hiyo umbo la chombo lilikuwa kichwani mwa fundi mkuu tokea siku ya kwanza, hakuna karatasi, na akikosea mzingo wa ubao mmoja kosa linapanda mpaka juu. Mbao nzuri ni msaji na ilitoka Malabar, huko India, manake Oman haina msitu wa kutoa magogo ya namna hiyo. Tezo ya kuchongea, msumeno, keekee ya kutobolea, unavijua vyote. Msaji ukiupiga msumari hivi hivi unapasuka, kwa hiyo tundu linatobolewa kwanza kwa keekee, na msumari unaviringishiwa nyuzi zilizochovywa mafuta ili ukishaingia maji yasipate njia. Kisha kalafati, pamba inasukumwa kwenye kila mfuo kwa patasi na nyundo, kazi ya watu wengi wamekaa mstari mmoja siku nzima. Chini ya maji ni deheni, chokaa na shahamu, juu ya maji ni sifa, yale mafuta ya papa, na harufu yake sina haja ya kumweleza mtu wa Lamu.

Kushona nako kulikuwepo, na ni kukongwe kuliko misumari. Kabla ya Mreno kuja vyombo vya bahari hii nzima vilikuwa vinashonwa kwa kamba za kumbi, mtepe wenu ni ndugu wa vile vyombo. Na Sur ilishalithibitisha hilo mbele ya dunia, mwaka 1980 liliundwa hapo jahazi la Sohar, limeshonwa lote bila msumari mmoja, na mafundi wa kushona waliletwa kutoka visiwa vya Lakshadweep vya India. Likatoka Muscat Novemba 1980 na Julai 1981 likaingia Guangzhou, China. Leo limesimama katikati ya raundabauti karibu na hoteli ya Al Bustan pale Muscat, maelfu ya magari yanalipita kila siku. Fundi, ukipata safari ya Oman simama hapo uangalie mishono, utaisoma vizuri kuliko mimi.

Msomaji, Unguja: Samahani mhariri, mimi sifa hizi zinanichoma. Majahazi ya Wasuri si ndo yaliyokuwa yakibeba watu wetu utumwani? Mbona hamsemi?

Una haki ya kuchomwa dada yangu, na hilo lazima lisemwe. Ndio, yalibeba. Tende na samaki mkavu vilikuja huku, na kurudi kulikuwa na boriti, karafuu, pembe na watu. Hata baada ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kutia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa mwaka 1873 na soko la Unguja kufungwa, manahodha wa Sur ni kati ya waliotajwa sana kuendelea kwa siri. Na walipata mbinu, wakawa wanachukua karatasi na bendera ya Ufaransa, kwa sababu manowari za Uingereza zilizokuwa zikikamata vyombo vya watumwa hazikuwa na ruhusa ya kupekua chombo chenye bendera hiyo. Wasuri walikuwa raia wa Sultani wa Muscat lakini mlingotini inapepea bendera ya Paris. Ugomvi ukakua mpaka Uingereza na Ufaransa wakapelekana kwenye mahakama ya usuluhishi The Hague, na hukumu ya Agosti 1905 ikasema Ufaransa haikuwa na ruhusa ya kutoa bendera kiholela tena baada ya tarehe 2 Januari 1892, isipokuwa kwa watu wachache waliokuwa kweli chini ya ulinzi wake.

Mimi sioni kwamba ustadi wa fundi unafuta hilo, wala sioni kwamba hilo linafuta ustadi. Ubao ule ule uliochongwa vizuri ndo uliolaliwa na mtu aliyefungwa, na anayekwenda Sur akapiga picha za nakshi tu ameiona nusu. Ningependa siku moja pale kando ya hori pawe na ukumbi unaolieleza hili wazi wazi, kwa Kiarabu na Kiswahili.

Msomaji, Dar es Salaam: Ikawaje mji kama huo ukaacha kuunda? Na leo bado wanaunda?

Watu husema meli za moshi ziliwaua. Zilichangia, ila tazama miaka, Fatah al-Khair imeundwa 1951, meli za moshi zimeshakuwepo kitambo. Kilichoimaliza Sur naona ni kukatika kwa biashara na sisi. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalivunja nyumba na maduka ya watu waliokuwa wakiwapokea Wasuri, undugu mwingine ukakatika hapo. Miaka hiyo hiyo mafuta yakaanza, Oman ikauza ya kwanza mwaka 1967, saruji na nondo zikaingia Ghuba na boriti za mikoko zikakosa kazi, na mwaka 1982 Kenya nayo ikapiga marufuku kuzisafirisha nje. Sasa niambie nahodha anakuja huku kubeba nini? Na vijana wa Sur wakapata mishahara, kuna kiwanda kikubwa cha gesi pale Qalhat kilichoanza kusafirisha mwaka 2000, nani atashika tezo.

Bado wanaunda, kidogo. Karakana ipo kando ya hori, matengenezo ndo mengi, na wengi utakaowakuta na patasi mkononi ni mafundi wa Kihindi. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, omba ruhusa kwa msimamizi kabla ya kupita chini ya chombo, na kama umevaa kandambili angalia unapokanyaga, misumari imezagaa.