"Mzunguko mdogo wa damu": udogo huo ni wa nani?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi hapa Mbarara. Tunaandaa maelezo ya Kiswahili kwa ajili ya ndugu wa wagonjwa, maana baadhi yao hutoka Kongo na Kiganda au Kinyankore hawakijui. Kuhusu mgonjwa wa ekmo, ile mashine inayosaidia moyo na mapafu, niliandika: "Anaweza kuwa na tatizo la mzunguko mdogo wa damu hata kama presha ni nzuri." Mwenzangu aliposoma akauliza, "Kwani damu yake imepungua?" Nimekosea wapi?

JIBU: Mwenzako amesoma kile kile ulichoandika. "Mdogo" imeshikana na "mzunguko", kwa hiyo msikilizaji anapata mzunguko hafifu, damu inayozunguka kidogo. Wewe ulikusudia mzunguko unaopita katika mishipa midogo. Udogo ni wa mishipa, basi upeleke huko: "mzunguko wa damu katika mishipa midogo".

Kuna mtego mwingine. Walimu wa biolojia huita safari ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi "mzunguko mdogo", na ile ya mwili mzima "mzunguko mkubwa". Sasa mgonjwa wako ameunganishwa na mashine inayotoa damu mwilini, inaitia oksijeni, inaiondolea kaboni dioksidi, kisha inairudisha. Ukimtajia daktari "mzunguko mdogo" hapo, atafikiri unazungumzia mapafu.

Je, tunaweza kusema "vishipa"? Naam, na mimi nalipenda neno hilo. Waganda hufanya hivyo hivyo: omusuwa ukiwa mdogo huwa akasuwa. Kwetu mshipa huwa kishipa. Usiongeze "ji" ukasema "vijishipa": hiyo "ji" huhitajika pale shina linapokuwa fupi, kama mti na kijiti, na kwingineko huleta dharau kidogo. Katika maandishi ya kitabibu tumia "kapilari", yaani mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko yote, kwa sababu "vishipa" hukusanya pia vile vinavyoingiza na kutoa damu kwenye kapilari zenyewe. Kapilari ni nyembamba mno, mikromita (elfu moja za milimita) 5 hadi 10 hivi, na chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, kwa hiyo mara nyingi hulazimika kujikunja ili ipite.

Lakini "mshipa" peke yake usiuamini. Kiswahili kimeubebesha mzigo: ateri inayotoa damu moyoni, vena inayoirudisha, neva ya hisia, hata ugonjwa wa ngiri. Mzee akiambiwa "mwanao ana tatizo la mshipa" anaweza kuondoka akiwaza upasuaji wa kinena. Andika "mishipa ya damu" kila mara, hata kama inachosha.

Kilichobaki ni kitenzi, na hapa ndipo ndugu wa mgonjwa watakapokuelewa au watakapokupotea. Presha hupimwa kwenye ateri kubwa. Pampu ya ekmo inaweza kusukuma lita 4 au 5 kwa dakika, namba zikapendeza kwenye skrini, huku kapilari nyingi zimeziba kwa uvimbe au vidonge vidogo vya damu iliyoganda. Damu ipo, inatembea, ila haifiki. "Haifiki" ndilo neno lako. "Haitoshi" litawarudisha kwenye upungufu wa damu, na mtu ataanza kutafuta wa kumchangia.

Kama wanataka kuona, waoneshe kwa kidole chako mwenyewe. Bonyeza ukucha hadi upauke, achia, uhesabu. Kwa mtu mzima mwenye afya rangi hurudi ndani ya sekunde 2 au 3. Kisha waambie: "Damu inatembea vizuri kwenye mishipa mikubwa, lakini haifiki vizuri kwenye vishipa vya mwisho, kama hivi vya chini ya ukucha."