Usifumue peke yako: miaka sita kwenye benchi la duka la uzi

Nilihamia Njombe nikitokea Tanga. Sanduku langu lilikuwa na madera, kanga na sweta moja tu ambalo mdogo wangu aliniazima kwa utani. Aliyewahi kuamka Njombe mwezi wa Julai anajua kilichonipata. Mji uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kuna asubuhi unakuta nyasi zimepiga weupe kwa umande ulioganda. Walimu wenzangu walinicheka wiki nzima, kisha mmoja akanihurumia: "Dada, nenda kwa mama wa uzi."

Duka la mama wa uzi ni chumba kimoja karibu na soko. Mbele kuna kibaraza chenye benchi la mbao, na kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi baridi inapoanza kuuma, wanawake sita, saba, siku nyingine kumi, hukaa pale na sindano zao. Hakuna mwenyekiti wala katiba wala kiingilio. Ukifika unasema "kamwene", unasogezewa nafasi, unafuma. Rafiki zangu wa Iringa na Mbeya wananiuliza namna ya kuanzisha benchi la kwao, basi haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, njoo na kazi iliyokushinda. Watu wengi huficha kazi mbovu nyumbani na kuja na ile nzuri ili wasifiwe. Mimi nilifanya hivyo mwezi mzima, huku kitandani nikiwa na skafu iliyokuwa inageuka pembetatu. Nilianza na mishono 30. Ilipofika urefu wa mkono nilihesabu 47. Niliifumua mara tatu, nikaianza mara tatu, ikapanuka mara tatu. Siku niliyoitoa kwenye mfuko, mama wa uzi hakuitazama hata dakika moja. Aliushika uzi wangu uliokuwa umepita juu ya sindano, akaushusha chini, ukaning'inia mbele. "Mwalimu, unaona? Uzi ukipita juu, mshono wa kwanza unavutika unaonekana miwili. Na wewe unaifuma yote miwili." Kumbe karibu kila mwanzo wa mstari nilikuwa nazalisha mshono. Lugha yetu imeweka kufuma na kufumua jirani kabisa, lakini ukifumua bila kujua kosa liko wapi, utalifuma tena lilelile. Tangu siku hiyo nahesabu mishono kila mwisho wa mstari, hata kama stori imenoga.

Na stori hunoga. Ndiyo maana sweta lenye mapambo ya kuhesabu hesabu libaki nyumbani. Benchini leta kazi ambayo mikono inaijua: skafu, mgongo wa sweta usio na urembo, kofia ya mtoto. Nimeshuhudia dada mmoja akifuma sweta la misuko mbele yetu siku ambayo harusi fulani ilikuwa inajadiliwa. Alipofika nyumbani, msuko mmoja ulikuwa umegeukia kushoto na wenzake wote kulia.

Kuna jambo jingine nililolidharau kwa sababu lilionekana kupoteza muda: kufuma kipande cha majaribio kabla ya kuanza nguo. Kipande kidogo tu, kinachokuwezesha kupima sentimeta 10 na kuhesabu mishono iliyomo. Mkono wangu ni mzito, nakaza uzi kama nafunga mzigo kwenye boda. Maelekezo ya sweta langu la kwanza yalitaka mishono 22 kwa kila sentimeta 10, mimi natoa 25. Unaweza kusema tofauti ni mishono mitatu tu. Sasa piga hesabu: mishono 88 iliyotakiwa kunipa upana wa sentimeta 40 ilinipa 35. Mbele na nyuma zikiunganishwa, nimepungukiwa karibu sentimeta 10 za kifua. Sweta lile alilivaa binti wa jirani, wa darasa la tano. Mkono mzito hauna dawa ya kujilazimisha. Panda namba ya sindano, toka 4 nenda 4.5, upime tena.

Rangi nayo ina hadithi yake. Nilinunua madonge manne ya kijani, uzi ukaisha nikiwa na mkono mmoja mbele. Wiki tatu baadaye nikaongeza donge jingine, kijani kilekile, namba ileile ya rangi. Ndani ya duka vilikuwa sawa. Nilipotoka juani siku ya kikao cha wazazi, mkono wa kulia ulikuwa wa majani ya chai na wa kushoto wa majani ya mgomba. Kwenye karatasi ya lebo kuna namba mbili: ya rangi, na ya mkupuo, yaani pipa lile uzi ulimotiwa rangi kwa pamoja. Namba ya pili ndiyo huamua. Nunua uzi wa sweta zima siku moja, ongeza donge la akiba, na umwombe mwenye duka akurudishie fedha lisipofunguliwa. Na kama umeshanasa na mikupuo miwili, fuma mistari miwili kwa donge hili, miwili kwa lile, kwa kupokezana. Jicho halitaona mpaka. (Lebo pia itakwambia kama ni akriliki, na mara nyingi ni akriliki. Usiipige pasi ya moto. Mimi nilipiga, tena pasi ya mkaa. Kitambaa kilinyong'onyea, kikang'aa, na hakikurudi.)

Kilichokaribia kutuua, hata hivyo, kilikuwa pesa.

Sisi wanawake wa nchi hii tukikaa watatu mara mbili, mara ya tatu kuna daftari. Mwaka wa pili mmoja wetu akatoa wazo: kwa kuwa tunaonana kila Jumamosi, tucheze upatu, shilingi elfu tano tano. Nani angekataa? Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha mwenzetu mmoja, ambaye viazi vyake viliharibika shambani, akakosa hela. Hakuja Jumamosi ile. Wala iliyofuata. Tukamkuta sokoni, akavuka barabara. Mwanamke huyu ndiye aliyenifundisha kuunganisha bega la sweta, na sasa ananikimbia kwa sababu ya elfu tano! Ndani ya miezi miwili tulibaki wanne benchini, na maongezi yote yakawa ya nani kalipa, nani bado.

Mama wa uzi ndiye aliyetusema. Alitoka mlangoni na futi yake ya kupimia akasema, "Wanangu, hapa kibarazani pangu pa kufuma. Mambo ya daftari yatafutieni siku yake na nyumba yake." Tuliuvunja upatu, tukamrudishia kila mtu chake. Wanaotaka kikoba wana kikoba chao, wanakutana kwingine na wamekisajili, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi vya kuweka na kukopeshana visajiliwe. Hata oda za masweta ya shule hatuzipangii benchini. Yule wa viazi ilinibidi nimfuate mwenyewe hadi kwake, nikiwa na sindano zangu mkononi nikijidai nimesahau namna ya kuunganisha bega. Akanitazama, akacheka, akanipokonya sindano.

Halafu heshimu duka. Benchi ni la mtu anayelipa kodi ya pango. Mteja akija, simama apite afike kwenye rafu. Si lazima ununue kila wiki, lakini usikae pale miezi sita na uzi wa kwingine tupu. Wapo kati yetu wanaofumua masweta ya mtumba, na mama hana neno, mradi sindano watoe kwake. Ukitaka njia hiyo, geuza sweta ndani nje uangalie mishono ya ubavuni kabla hujalipa. Likiwa limekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache: kila mstari utakutoka kipande kifupi kama tambi. Tafuta lenye kingo nzima, hilo litafumuka uzi mrefu usiokatika.

Kwa siku yako ya kwanza beba sindano namba 4 na donge moja la uzi laini usio na manyoya, rangi ya maziwa au ya udongo, ili mishono ionekane. Wengi hung'ang'ania nyeusi kwa sababu haichafuki. Kwenye nyeusi hata mama wa uzi, pamoja na miwani yake, haoni ulipokosea. Nyeusi utaifuma mwakani.