Je, kiu ndiyo huniletea kipandauso?

SWALI: Daktari, pokea salamu. Mimi huuza mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu. Hufika saa moja asubuhi na sinywi maji hadi jioni, kwa kuwa choo ni cha kulipia na sina wa kunichungia bidhaa. Ifikapo saa tisa, hasa siku za jua kali, upande mmoja wa kichwa hunipwita, mwanga huniumiza macho na huhisi kutapika. Mwenzangu husema ni kiu tu. Je, ni kweli?
Mama Mitumba, Kisumu

JIBU: Mama, mwenzako hakukosea, ila hilo neno “tu” ndilo nisilolikubali. Dalili ulizozitaja zinafanana sana na za kipandauso, maradhi ambayo mara nyingi hupatikana katika ukoo, na ambayo huweza kuchochewa na kiu, njaa, uchovu au jua kali.

Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Kinachouma ni utando unaoufunika pamoja na mishipa yake ya damu. Inadhaniwa kwamba maji yanapopungua mwilini, ubongo husinyaa kidogo na kuuvuta utando huo. Maumivu yaliyoletwa na kiu pekee aghalabu hutulia saa chache baada ya kunywa maji, lakini kipandauso kikishaanza, maji peke yake huenda yasikizime.

Kwa hiyo kunywa maji kabla ya kutoka nyumbani, kisha uwe ukinywa kidogo kidogo mchana kutwa, badala ya kubugia lita nzima jioni, wala usiruke chakula cha mchana. Mkojo wenye rangi ya strungi ni ishara kwamba umechelewa. Kuhusu choo, ambacho naona ndicho kiini cha shida yako, patana na jirani wa meza mchungiane bidhaa kwa zamu. Ada unayoikwepa pengine unailipa dukani kwa vidonge. Navyo vidonge vya maumivu vikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi vyenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa.

Huku kwetu kando ya ziwa, kichwa kikiambatana na homa, pima malaria. Kikiuma ghafla kuliko ulivyowahi kuhisi, au shingo ikikakamaa, au upande mmoja wa mwili ukilegea, nenda hospitalini mara moja. Vinginevyo, andika daftarini kwa mwezi mmoja siku kilipouma, ulichokula na maji uliyokunywa, kisha mpelekee daktari daftari hilo.